Chake Chake haimalizwi kwa nusu saa

Ndugu Mhariri,

Assalaam aleykum. Katika ukurasa wenu wa safari Chake Chake imepewa sentensi mbili: mji wa kilimani wenye kipande cha ngome, na nusu saa inamtosha mgeni kabla ya kwenda zake kisiwani Misali. Misali hatuna neno nayo. Neno letu ni hiyo nusu saa, maana wapangaji wa misafara wanaisoma na kuifuata. Matokeo yake gari inasimama juani saa sita mchana, watu wanashuka, wanaupiga picha mlango wa ngome, wanauliza choo kiko wapi, wanaondoka. Watoto wa skuli wanaoletwa kutoka Unguja nao hufanyiwa hivyohivyo. Sisi tunaoandika kazi yetu ni kutembeza wageni hapa Pemba, na tunaomba nafasi tueleze mji huu unavyotembelewa.

Pemba si tambarare kama upande wa mashariki wa Unguja. Ni vilima na mabonde, na mvua zake ni nyingi zaidi. Upande wa magharibi bahari imeingia ndani ya nchi kwa mahori yenye mikoko, na hori moja inakuja mpaka chini ya Chake. Ukisimama ukingoni mwa kilima unaona njia ya maji inayoingia mjini. Chombo kilichokuja kwa tanga kilionekana mapema, kabla hakijatia nanga, na nahodha hakuwa na mlango mwingine wa kupenyea. Ndiyo sababu mji uko pale, na ndiyo sababu waliokuja kutawala hawakuhangaika kutafuta mahali pengine. Inasemekana msingi wa ngome ni wa Wareno. Baada yao wakaja Waomani, na katika karne ya 18 Pemba ikawa mikononi mwa ukoo wa Mazrui wa Mombasa, hadi watu wa Sayyid Said, mtawala wa Oman, walipowaondosha mwanzoni mwa miaka ya 1820. Mwaka 1890 Zanzibar ikawekwa chini ya himaya ya Waingereza, nao wakaja na afisi zao kilimani papo hapo, kwenye upepo na mbali na mbu wa mabondeni. Mgeni aelezwe haya kwanza, akiwa amesimama mahali anapoyaona maji. Akianzia ndani ya makumbusho ataona vigae na vyungu, atapiga miayo.

Sasa ngome yenyewe. Iliyobaki ni sehemu ndogo, na ndani yake ndimo yalimo makumbusho. Jengo linakisiwa kuwa la karne ya 18. Maelezo ya karne ya 19 yanaitaja ngome ya pembe nne yenye minara minne, miwili ya duara na miwili ya mraba. Mnara wa duara ni wa kawaida kwa Waomani na Waswahili wa wakati ule. Wa mraba si wa kawaida, na huo ndio uliowafanya wataalamu wafikirie kwamba chini ya kazi ya Mwomani kuna kazi ya Mreno. Mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ya kikoloni ilitaka hospitali, na ngome ikavunjwa kwa sehemu kubwa kuipisha. Kwa hiyo mgeni anayelalamika kuwa ngome ni ndogo asijibiwe kwa kuombwa radhi. Aoneshwe ilipo hospitali ya zamani, akadirie mwenyewe kiasi kilichokwenda.

Akishaliona hilo, asiharakishwe kuingia ndani. Aushike ukuta. Ni jiwe la matumbawe lililofungwa kwa chokaa, na chokaa yenyewe ni jiwe hilohilo lililochomwa. Mawe hupangwa juu ya tanuu la magogo lililojengwa kwa duara, moto ukawashwa kutoka katikati, na yakishaiva humwagiwa maji yakapasuka kuwa unga. Unga hulowekwa shimoni, wiki mbili kwa uchache, na mafundi wazuri walipenda mwezi na zaidi, kwa sababu punje isiyolowa sawasawa huja kufura baadaye ndani ya plasta na kurusha kipande nje. Kipimo cha kawaida ni ndoo 1 ya chokaa kwa ndoo 3 za mchanga, na mchanga uwe wa shimo, si wa pwani, maana wa pwani una chumvi. Plasta hupigwa kwa matabaka membamba, kila moja kama sentimita moja, na hunyunyiziwa maji kwa siku kadhaa ili isikauke kwa pupa. Dari za nyumba za mawe za kale zilibebwa na boriti za mikoko. Boriti ya kuaminika haizidi mita 3 hivi, na ndiyo maana vyumba vya zamani vilikuwa virefu na vyembamba: urefu mwenye nyumba alijichagulia, upana alichaguliwa na mti. Mgeni apime kwa hatua zake, nne tu toka ukuta hadi ukuta, na hatasahau tena.

Halafu ashushwe macho mpaka usawa wa goti, kwenye nyumba yoyote ya kale mjini iliyopigwa plasta ya saruji juu ya ukuta wa chokaa. Ataona mstari wa unga mweupe, na juu yake plasta imetuna. Agonge kwa kifundo cha kidole, atasikia mlio wa kitu kitupu. Sababu ni hii: ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu kutoka ardhini na hutakiwa kuutoa kwa nje, kupitia chokaa. Saruji haiupitishi. Unyevu ukizuiwa chini hupanda, na chumvi iliyomo ndani yake hugeuka chembe nyuma ya saruji na kuisukuma itoke. Ukizidi kupanda hufikia ncha za boriti zilizozama ukutani, nazo huoza pale pasipoonekana, mpaka siku dari inapoinama. Wenye nyumba hudhani saruji yao haikutosha, wakaongeza nyingine, na ukuta ukazidi kuumwa. Dawa ni kuibandua saruji yote mpaka kwenye jiwe, kuuacha ukuta upumue kiangazi kizima, kisha kuupiga chokaa. Ni kazi ya gharama na ya subira, hatukatai, lakini kuipiga saruji upya kila baada ya misimu michache si rahisi zaidi. Tumelieleza kwa urefu kwa sababu ndilo jambo ambalo wageni huliuliza kuliko yote, na wengi wetu huwajibu kwa kusema "ni uzee tu". Si uzee.

Kuhusu ukoloni wenyewe, tunaona watembezaji wengi wanaupita kwa kuwaonesha watu majengo ya serikali, "haya ni ya Waingereza", basi. Afisi hazikupandishwa kilimani kwa ajili ya mandhari. Zilifuata karafuu. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliiangusha mikarafuu ya Unguja kwa wingi, Pemba ikanusurika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo uzito wa zao hilo ukahamia huku. Mashamba yalilimwa na kuchumwa na watumwa. Amri ya Aprili 1897, ambayo vitabu vya skuli huitaja kwa sentensi moja kuwa iliondosha utumwa, haikumwacha mtu huru hivihivi. Ilimtaka aende mwenyewe mahakamani akadai uhuru wake, aeleze atakaa wapi na atajipatia vipi riziki, la sivyo angehesabiwa mzururaji. Na bwana wake ndiye aliyelipwa fidia. Masuria hawakuingizwa katika amri hiyo hadi ilipokuja nyingine mwaka 1909. Mwaka huohuo wa 1897 Wakristo wa madhehebu ya Marafiki (Quakers) kutoka Uingereza walianzisha kituo chao Banani, si mbali na Chake, kikiwa na shamba la kuwapa kazi walioachwa huru. Mtembezaji akisimama nje ya mahakama ya leo akayaeleza haya kwa dakika tano, jengo linaacha kuwa jengo tu. Ila asisahau kuwaambia wafunge kamera zao: mahakama, polisi na afisi za serikali hazipigwi picha bila ruhusa, na kusema "sikujua" hakujamsaidia mtu.

Mengine ya mjini tutayataja haraka. Anza asubuhi, saa mbili na nusu au saa tatu, au jioni baada ya alasiri. Katikati ya mchana kilima hakina kivuli cha kutosha na vichochoro vya kushuka horini huonekana vifupi wakati wa kushuka tu. Baada ya mvua udongo mwekundu wa njia za pembeni huteleza vibaya, na kandambili ndizo zinazowaangusha watu, kwa hiyo viatu viwe vyenye soli ya meno. Mabega na magoti yafunikwe, wanaume pia. Ijumaa msipange kitu baina ya saa sita na saa nane. Ramadhani migahawa haifunguliwi mchana, na mgeni anayekula au kuvuta sigara barabarani humwaibisha zaidi mwenyeji wake kuliko yeye mwenyewe; mwenye msafara awawekee chakula ndani, mahali pa faragha, au awapange wale futari, ambayo kwa Pemba ni bahati wala si adhabu. Sokoni pita kabla ya saa nne. Msimu wa karafuu ukiwa umewadia, majamvi yataanikwa pembezoni mwa barabara. Usikanyage, usichote, na usiulize bei ya kununua, kwa kuwa karafuu huuzwa kwa Shirika la Biashara la Taifa peke yake. Kutazama hakuna anayekataza: karafuu mbichi ni ya kijani yenye wekundu, baada ya siku tatu hadi tano za jua kali hugeuka kahawia na uzito wake hushuka mpaka kama theluthi moja. Ikinyeshewa katikati ya kuanikwa huingia ukungu na daraja lake hushuka, na ndiyo maana wingu moja tu likitokea utaona mtaa mzima unakimbilia majamvi.

Tuje kwenye Ras Mkumbuu, maana hapa ndipo misafara mingi inapoharibika. Ras hiyo ni ncha ya ulimi mrefu wa nchi magharibi ya Chake, na magofu yaliyoko huko ni ya mji mkubwa wa kale. Wataalamu wengi wanaihusisha Pemba na Qanbalu, mji wa kisiwani ambao msafiri wa Kiarabu al-Masudi aliufikia, akasafiri kutoka huko kwenda Oman kwa mara ya mwisho mwaka 916, na ambao aliueleza kuwa una Waislamu wanaosema Kizanji, lugha ya watu wa pwani hii. James Kirkman alichimba huko katika miaka ya 1950, na Mark Horton akaja baadaye. Kwa nchi kavu gari hufika Ndagoni, na kutoka hapo njia ni mbaya: mguu, baiskeli au pikipiki. Wenye watoto au wazee huenda kwa boti kutoka Wesha. Boti ni raha kubwa, isipokuwa mpangaji aliyekaa afisini Unguja huandika kwenye ratiba yake "saa 3:00 asubuhi, boti", kila siku ya mwezi, kama kwamba bahari nayo imo kwenye orodha ya wafanyakazi wake.

Hesabu ya maji ni rahisi, na kalenda yake iko ukutani katika kila nyumba ya Kiislamu. Maji hufuata mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti baina ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Siku za bamvua, yaani kama tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17 za mwezi wa Kiislamu, maji katika visiwa vyetu hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata nyakati hizo husogea mbele kwa kama dakika 50. Zidisha kwa siku saba utapata karibu saa sita, kwa hiyo ikifika tarehe 8 au 22 hali imegeuka: maji yanajaa saa nne asubuhi. Hayo ni maji mafu, tofauti ya kujaa na kupwa huwa ndogo, kama mita moja hivi, na hata yanapokupwa hubaki ya kutosha kuelea.

Sasa itazame ile "saa 3:00 asubuhi" katika tarehe 16 ya mwezi. Maji yanakimbia kutoka, baada ya saa moja yatakuwa yamefika mwisho wake. Kwa mashine ndogo hesabu kama saa moja ya safari, kwa hiyo watu watafika Ras Mkumbuu wakati mwamba na tope vyote viko nje. Boti itasimama mbali, abiria watashuka kwenye maji ya magotini, kisha watatembea juu ya mawe makali yenye chaza na matope yanayomeza kiatu. Mtu mzima mwenye kamera shingoni na mtoto mkononi huko si mahali pake. Wengine hukata tamaa wakarudi bila kuliona gofu hata moja, kisha wakaandika kwenye mitandao kwamba Pemba hakuna mpango. Mpango upo, uliandikwa kwa saa ya mkononi.

Ilivyo sawa ni hivi. Tarehe 8 hadi 11 na 22 hadi 25 ndizo siku nzuri kupita zote: toka Wesha saa mbili au saa tatu maji yakiwa yanapanda, fika, tembea magofuni saa moja na nusu au mbili, rudi mapema mchana kabla hayajashuka sana. Ikiwa ni lazima kwenda siku za bamvua, basi chagua moja kati ya mawili. Ama uondoke mara baada ya sala ya alfajiri, ushuke ukavu ukiwa haujatoka, na ukubali kukaa huko mpaka maji yarudi, kama saa saba au saa nane mchana, ukiwa na maji ya kunywa, chakula na kivuli. Ama uende mchana maji yakipanda na urudi kabla ya magharibi. Lakini njia hii ina hatari ya kuchelewa, na kurudi kizani ndani ya mkondo wenye mikoko pande zote hatumshauri mtu. Kumbuka pia kwamba mwezi huandama kwa kuonekana, kwa hiyo kalenda ya kuchapwa inaweza kupishana na hali halisi kwa siku moja, ambayo ni hizo dakika 50. Neno la mwisho ni la nahodha wa Wesha, si la ratiba. Mpigie simu jana yake, umuulize "maji yanajaa saa ngapi?", usimuulize "saa tatu utakuwepo?", kwa sababu jibu la swali la pili siku zote ni ndiyo.

Maboya ya kujiokolea yahesabiwe kabla boti haijasukumwa, moja kwa kila kichwa, na ya watoto yawe ya watoto. Mchana upepo ukishika, nje ya ras mawimbi husimama, hata kama horini kumetulia kama maziwa. Chukua lita mbili za maji kwa kila mtu, kofia, na suruali ndefu kwa ajili ya upupu na miiba ya magofuni.

Ukifika, msikiti mkuu ndio wa kuanzia. Kuta zake zimesimama kwa sehemu, na kibla kinajulikana kwa nafasi ya mihrabu. Halafu makaburi ya nguzo. Nguzo za namna hii kote pwani yetu zilipambwa kwa mabakuli ya kaure yaliyopachikwa kwenye chokaa ikiwa bado laini. Siku hizi kinachoonekana mara nyingi ni vishimo vya duara, maana mabakuli yaling'olewa zamani na wakusanyaji. Mwambie mgeni atie kiganja kwenye kishimo, kwa upole, ataihisi alama ya kitako cha bakuli. Asipande juu ya kaburi kwa ajili ya picha. Vigae vilivyotapakaa chini viachwe palepale vilipo, hata kile kidogo cha buluu kinachovutia, kwa sababu kigae kikishaondoka mahali pake hakimwambii tena mchimbaji kitu chochote, na kukichukua ni kosa la kisheria.

Pujini ni rahisi zaidi, haitaki maji wala mwezi. Iko kama kilomita 10 kusini mashariki ya Chake, gari inafika karibu. Ni ngome ya karne ya 15 inayonasibishwa na mtawala Mkama Ndume, ambaye masimulizi yanamtaja kwa ukatili wake. Ina boma la udongo na mawe, kisima, ngazi na chumba cha chini ya ardhi; Adria LaViolette na wenzake walichimba hapo katika miaka ya 1990. Kisima kinasimuliwa kuwa kiligawanywa kwa ukuta ili wake wawili wa Mkama Ndume wasionane wakati wa kuteka. Hadithi hiyo watoto wa skuli huipenda, na ielezwe kama hadithi. Mvua ikiwa imenyesha karibuni majani hupanda mpaka kifuani na alama za boma hazionekani kabisa, kwa hiyo Mei na Juni utahitaji mtu wa kijijini wa kukuongoza, na umlipe vizuri.

Nusu siku iliyobaki ipelekwe Wawi, kwenye kiwanda cha makonyo, upande huohuo wa uwanja wa ndege. Makonyo ni vile vikonyo vinavyobaki karafuu ikishachambuliwa. Hupakiwa kwenye pipa kubwa la chuma, mvuke unapitishwa kutoka chini, mafuta yanapanda nao, kisha vyote viwili hupozwa na kutenganishwa. Mafuta ya makonyo ni mazito kuliko maji, huzama chini. Kilo 100 hutoa kama kilo 5 au 6 za mafuta. Nenda siku ya kazi, uombe ruhusa getini, uvae viatu vya kufunika vidole, na umwonye mwenye pumu kwamba harufu ndani ni kali.

Usafiri si tatizo. Kutoka Mkoani, inakofunga boti ya Unguja, gari ya abiria namba 603 inakuja Chake, mwendo wa kama kilomita 30. Kwenda Wete ni 606. Gari hizi huondoka zikijaa, na huadimika baada ya magharibi, kwa hiyo mwenye boti ya asubuhi Mkoani alale na miadi ya teksi au atoke mapema mno. Pesa taslimu zitolewe Chake mjini kabla ya kwenda popote, maana Ndagoni na Pujini hutapata mashine ya kutolea.

Kwa kujumlisha masaa, Ndugu Mhariri: kilima na ngome asubuhi moja, Wawi mchana wake, Pujini jioni yake, na Ras Mkumbuu siku ya pili, kwa saa itakayosemwa na maji. Hiyo ni siku mbili na usiku mmoja au miwili ya kulala Chake, siyo nusu saa, na pesa za kulala na kula zinabaki mjini badala ya kupita ndani ya gari zikielekea kaskazini.

Tuna maombi mawili. Gazeti lenu huchapa nyakati za sala kila siku. Pembeni yake chapeni na nyakati za maji kujaa na kupwa kwa Unguja na Pemba. Ni mistari minne tu, inapatikana kwenye majedwali ya bandari, na watakaoitumia si watembezaji peke yao, kuna wavuvi, kuna kina mama wa mwani, kuna wanaosubiri jahazi. La pili ni sahihisho. Ramani iliyochapwa pamoja na makala yenu imeiweka Pujini kaskazini ya Chake, kwenye njia ya Wete. Anayeifuata atajikuta karibu na Kidike, kwenye popo wa Pemba, ambao nao wanafaa kuonwa, lakini atakuwa amekwenda upande mwingine kabisa. Kutoka Chake ashike kusini, kisha akate mashariki.

Wenu,
Watembeza wageni wawili,
Chake Chake, Pemba